Deni la Simu Niliyokwisha Kuirudisha

Simu iliyofungwa na mkopeshaji haizimi. Inawaka vizuri, chaji imejaa, mtandao umeshika, saa inasoma, ila kioo chote kimefunikwa na tangazo kwamba malipo yako yamechelewa. Chini yake kuna namba ya kulipia na kitufe cha simu ya dharura, 112. Basi. Picha zako, namba za watu wako, kazi yako ya wiki nzima, vyote vimo humo ndani na huwezi kuvifikia. Mwaka 2023 nilikaa na simu ya namna hiyo mezani, pembeni ya bakuli la unga, nami nilikuwa nimelipa kila shilingi niliyopaswa kulipa.

Ninaoka keki na vitafunwa nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam. Sina duka wala kibao barabarani. Mteja anaona picha WhatsApp, anauliza bei, anatuma kianzio kwa simu, na siku ya shughuli bodaboda anapeleka. Simu yangu ya zamani ilipokufa sikuwa na fedha taslimu ya kununua nyingine, nikaenda dukani kwa kampuni ya simu ninayotumia laini yake nikachukua ya mkopo. Kianzio kilikuwa shilingi 60,000, kisha 1,500 kila siku kwa mwaka mzima. Ukipiga hesabu inazidi laki sita, kwa simu ambayo Kariakoo ungeipata kwa laki nne kasoro. Tofauti hiyo niliijua na niliikubali. Mwenye laki nne mkononi ananunua kwa laki nne. Mimi nilikuwa na elfu sitini na oda za Jumamosi.

Wala sitaki kuisema vibaya biashara yenyewe. Hakuna benki inayomkopesha mwokaji wa Tabata asiye na hati ya mshahara wala hati ya kiwanja. Simu inayoweza kufungwa kutoka mbali imejigeuza dhamana, na kwa njia hiyo watu waliokuwa hawakopesheki sasa wanakopesheka. Kenya, mwaka 2020, Safaricom na Google walileta Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa shilingi 20 za Kenya kwa siku. Huku kwetu nako mikopo ya aina hiyo imeenea: wauza mboga, mafundi, madereva wa bodaboda, wengi wao simu janja ya kwanza maishani wameishika hivyo. Bila lile kufuli mkopo usingekuwepo. Malalamiko yangu ni jinsi kufuli linavyotumika pale ambapo mkopaji hana kosa.

Mwezi wa nne kioo kikaanza kujibonyeza chenyewe. Nikiandika bei, namba zinajiongeza. Usiku inajipigia watu. Simu ilikuwa na waranti ya mwaka, nikairudisha dukani. Dada wa kaunta akaikagua, akajaza fomu ya kupokelea simu mbovu, akaandika IMEI yake kwa mkono, akagonga muhuri, akanipa nakala ya waridi. Mafundi wao walipothibitisha kwamba ubovu ni wa kiwandani, nikapewa nyingine mpya ya aina ileile, boksi halijafunguliwa. Dada akanigeuzia kishikwambi: "Weka kidole hapa, dada yangu, ni kuthibitisha tu kwamba umepokea." Nikaweka. Papo hapo ujumbe ukaingia kwenye laini yangu ukinipongeza kwa kununua simu. Nikamwonyesha. Akaniambia mfumo ndivyo unavyoandika, nisijali.

Mambo yaliharibikia hapo, na inafaa yaeleweke kwa sababu yanaweza kumkuta yeyote. Kila simu ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, hiyo IMEI. Ukibonyeza *#06# inajitokeza. Wengi wetu Tanzania tuliifahamu mwaka 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia mwezi Juni, tukawa tunatuma IMEI zetu kwenda 15090 kuangalia kama tumepona. Kwa mkopeshaji, deni linakaa kwenye namba hiyo. Jina lako na namba yako ya NIDA vinasema wewe ni nani, lakini kinachofungwa na kufunguliwa ni IMEI. Simu niliyopewa ilifanana na ile ya kwanza kwa kila kitu isipokuwa namba hiyo. Ili mfumo uitambue ilibidi isajiliwe, na dada wa kaunta akaisajili kwa njia aliyoizoea kila siku, yaani kwa kufungua mkataba mpya. Ule wa kwanza hakuna aliyeufunga. Kwenye vitabu vya kampuni nikawa mwanamke mwenye simu mbili na madeni mawili, anayedaiwa shilingi 3,000 kwa siku.

Mimi nikaendelea kulipa 1,500 zangu. Ujumbe wa kukumbusha ukawa unakuja mara mbili kila asubuhi, nikauchukulia kama ule wa pongezi. Kumbe fedha yangu ilipofika, mfumo uliipeleka kwenye deni la zamani zaidi, la ile simu mbovu iliyokuwa imelala kwenye karakana yao wenyewe. Deni la simu niliyokuwa nayo mkononi likawa halilipwi hata senti. Ikafungwa.

Ilifungwa Alhamisi. Kwa mwokaji, Alhamisi ndiyo siku ya kuthibitisha oda za Jumamosi: rangi, ukubwa, maandishi, ukumbi, saa. Nilikuwa na keki ya sendofu ya ngazi tatu, na picha ya rangi aliyoitaka bibi harusi ilikuwa kwenye mazungumzo ambayo siwezi kuyafungua. Laini nikaitoa nikaiweka kwenye kitochi cha mama. Simu za kawaida zikawa zinaingia, lakini wateja wangu hawapigi, wanaandika. Mama yake bibi harusi aliandika, akaandika tena, akaona tiki moja. Ijumaa mchana akashuka kwenye bajaji getini kwangu, kanga ameifunga kiunoni, jasho linamtoka.

"Mwanangu," aliniambia kabla hata sijamkaribisha, "nimekuja nione kama kweli unaishi hapa. Tulishajua tumetapeliwa."

Ngazi ya chini ilikuwa kwenye oveni, harufu ikisikika tangu ukumbini. Nikampitisha jikoni akaiona, akaketi kwenye stuli, akaomba maji. Akanichorea rangi kwa maneno, kama ganda la tangawizi mbichi, siyo dhahabu, na keki ikaenda ilivyotakiwa. Wengine hawakuja getini. Walitafuta mwokaji mwingine, na mmoja akaandika kwenye kundi la wanawake wa mtaa wetu kwamba nimepokea kianzio chake nikazima simu. Kianzio nilimrudishia. Maneno yale hayakurudi.

Nilipiga 100, huduma kwa wateja. Kila aliyepokea alikuwa na adabu, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamalizia na sentensi ileile: mfumo unaonyesha una simu mbili. Nikaenda dukani. Yule dada alikuwa amehamishiwa tawi jingine, nikamkuta kijana. Nikampangia juu ya kaunta boksi jipya, nakala ya waridi na kitochi chenye ujumbe wa malipo.

"Dada, mfumo unasoma simu mbili."

"Ya pili iko wapi?"

"Unayo wewe."

"Naomba usome namba iliyo kwenye hiyo karatasi ya waridi. Ndiyo hiyo ya pili. Mmeandika wenyewe kwamba mmeipokea, na muhuri ni wenu."

Akasoma tarakimu kwa tarakimu, kidole kikitoka kwenye karatasi kwenda kwenye skrini na kurudi. Alipofika ya mwisho akainua uso, akakubali kwamba simu ninayodaiwa wanayo wao. Kisha akasema hana mamlaka ya kufunga mkataba. Akainama karibu na dirisha, akapunguza sauti, akanishauri kwamba njia ya haraka ni nilipe malimbikizo yote simu ifunguke, halafu malalamiko yashughulikiwe huku nikiendelea kuitumia. Aliniambia kwa huruma, nami sina chuki naye. Lakini alikuwa ananitaka nilipe deni ambalo dakika moja kabla alikuwa amekubali kwamba si langu.

Baba yangu mdogo alifanya kazi Shirika la Posta na Simu tangu ujana wake hadi miaka ya 1990, lilipogawanywa na TTCL ikazaliwa. Wakati wake simu ilikuwa ya waya, bili inakuja kwa karatasi, na ugomvi wa bili ulikuwa kazi ya kila siku: mteja anasema Arusha sikupiga, shirika linasema umepiga. Nilikwenda kumsalimia Jumapili, na baada ya shikamoo na chai nikamweleza. Habari za mfumo hakuziuliza. Aliuliza, "Umewaandikia?"

Nikamjibu nimepiga simu, na dukani nimekwenda.

"Hapo umesema nao, mwanangu. Nimekuuliza kama umewaandikia."

Akanifafanulia anavyojua mambo ya ofisi. Kijana wa kaunta akimaliza zamu, mazungumzo yenu yamekwisha, na anayekuja baada yake anaanza upya na kile kinachosomeka kwenye skrini. Barua ina tarehe. Ikishagongwa muhuri wa kupokelewa inaingia kwenye jalada, na kuanzia hapo kuna mtu mwenye jina na cheo ambaye atatakiwa aijibu.

Tuliiandika pamoja, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Kila sentensi yenye hasira aliifuta kwa kalamu yake. Zikabaki tarehe niliyochukua simu ya kwanza na IMEI yake. Tarehe niliyoirudisha na namba ya fomu. Tarehe niliyopokea ya pili na IMEI yake. Kisha malipo yote, niliyoyatoa kwenye taarifa ya miamala ya akaunti yangu ya fedha, kila moja na namba yake ya muamala. Halafu maombi: mkataba wa kwanza ufungwe, malipo yake yahamishiwe kwenye wa pili, simu ifunguliwe, na nithibitishiwe kwa maandishi. Habari za keki akaniachia sentensi moja, kwenye aya ya hasara. Chini kushoto akanielekeza niandike: Nakala, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, Nakala, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Nikachapisha steshenari, nikapeleka makao makuu ya kampuni na kote kwingine, na mapokezi sikuondoka mpaka nakala yangu ikagongwa.

Mistari hiyo miwili ya nakala ina uzito wa sheria nyuma yake, na kila mwenye laini ya simu anapaswa kuijua. Sheria ya mwaka 2003 iliyounda TCRA imemwekea mteja njia: unaanza na mtoa huduma wako, usiporidhika unaifikisha Mamlaka, na uamuzi wa Mamlaka nao unakatiwa rufaa kwenye Baraza la Ushindani. Baraza la watumiaji nalo limetokana na sheria hiyohiyo. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Mamlaka yenyewe iko Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma, mahali ambapo daladala zinapita. Ujumbe wa simu ni ushahidi pia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inauruhusu mahakamani, kwa hiyo ule ujumbe mfupi wa kuthibitisha malipo usiufute kwa ajili ya kupata nafasi ya picha. Na kuna jambo moja ambalo nimeliona kwa wengi. TRA imetufundisha kudai risiti tunaponunua. Tunaporudisha kitu hatudai chochote, tunashukuru tu kwamba tumebadilishiwa. Bila ile karatasi ya waridi nisingekuwa na la kusema.

Jibu lilikuja kwa barua. Kampuni ilikiri kwamba mikataba miwili ilifunguliwa kwa kifaa kimoja kilichobadilishwa, ikaufunga wa kwanza, ikahamisha malipo. Simu ilifunguka nikiwa nakanda unga wa maandazi, ujumbe wa wateja ukaingia mfululizo, mwingine wa kuuliza bei, mwingine wa matusi. Kuhusu hasara ya oda zilizopotea, barua ilisema masharti ya mkopo hayatoi fidia.

Nikayatafuta hayo masharti. Yalikuwa kwenye kiungo nilichotumiwa siku ya kwanza, kurasa nyingi za Kiingereza cha wanasheria. Binti wa dada yangu, anayesoma chuo, alinisaidia kupita kifungu kimoja baada ya kingine, na tukakipata cha kufunga simu. Kinasema kampuni inaweza kufunga kifaa wakati wowote ambapo kumbukumbu zake zinaonyesha malipo yamechelewa. Angalia mkataba ulipoweka mizani: malipo yakiwa hayajachelewa lakini kumbukumbu zao zikasema yamechelewa, kufuli ni halali. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa hapa nchini, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mkataba unaoweza kumfungia muuza vitumbua chombo chake cha kazi bado anapewa kwa Kiingereza, tena baada ya kuweka kidole.

Bodaboda anayenipelekea keki alinisikiliza nikisimulia haya, akafunga mzigo wake kimya, kisha akaniambia kwamba naye yalimpata. Alibadilishiwa simu, akaanza kudaiwa mara mbili. Alilipa zote mbili mpaka zikaisha. "Ningefanyaje, dada? Abiria wangu wako kwenye programu. Simu ikilala, na watoto wanalala na njaa." Amelipia simu mbili na ametumia moja, na hakuna ofisi yoyote yenye karatasi inayoonyesha kwamba aliwahi kulalamika.

Ninamfikiria yeye kuliko ninavyojifikiria mimi. Deni la kawaida likiingia ubishi, mdai anayetaka kukamata mali ya mtu inambidi aende mahakamani apate amri, na mdaiwa anapata siku ya kusikilizwa. Kwenye simu ya mkopo, mdai tayari ana mkono ndani ya nyumba yako. Kompyuta inakamata kwanza, usiku, bila kumuuliza mtu. Tena inachokamata ndicho kifaa ambacho ungepigia simu ya kujitetea, ambacho kina ushahidi wako, na ambacho kinakupatia fedha ya kulipa deni lililo halali. Katika hali hiyo mtu analipa asichodaiwa kwa sababu kila siku ya kubishana ni siku isiyo na kipato. Kampuni haihitaji kuwa na nia mbaya hata kidogo. Kosa dogo la usajili kwenye kaunta linatosha, na fedha zinaingia.

Ninaona hili ni jambo linalorekebishika, na halihitaji sheria mpya kubwa. Mteja akishawasilisha malalamiko ya maandishi kuhusu deni, simu isifungwe mpaka ajibiwe kwa maandishi. Kifaa kikibadilishwa kwa waranti, IMEI ibadilishwe ndani ya mkataba uleule, mpya usifunguliwe. Kifungu cha kufunga simu kiandikwe kwa Kiswahili, kwenye karatasi ambayo mteja anaondoka nayo. TCRA inaweza kuwaagiza watoa huduma wafanye hivyo. Tume ya Ushindani, ambayo tangu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina kazi ya kumlinda mlaji, inaweza kuiita mikataba hii iliyoandikwa na upande mmoja na kuisoma mstari kwa mstari. Ninawaomba wafanye hivyo, na barua yenye maombi haya nimekwisha kuwapelekea.

Nawe unayesoma, kama simu yako ni ya mkopo na umekwenda kubadilishiwa, usitoke kaunta haraka. Bonyeza *#06# kwenye simu mpya mbele yao. Waandike kwenye karatasi moja IMEI ya simu uliyorudisha na IMEI ya uliyopewa, waandike kwamba mkataba wa ile ya kwanza umefungwa na malipo yake yamehamishwa, kisha waweke jina, sahihi, tarehe na muhuri. Wakisema hawana fomu ya namna hiyo, andika mwenyewe nyuma ya risiti uwape wasaini. Wakikataa kusaini, hiyo simu mpya usiipokee.